Kaburi la Iskandari, Kata Kushoto

Injinia alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, simu kaishika mbali na uso kama mtu anayejinyoa.

"'Mgeni apotea Kom el-Dikka. Abiria wa meli ya matembezi, raia wa Malta, mzee wa makamo...' Mzee wa makamo ndiyo nini, Kondakta? Mzee, au wa makamo?"

"Soma wewe! Umri wake utakulisha?"

"'...aliwatoroka wenzake asubuhi kwenye ukumbi wa Warumi, akasema anakwenda kutafuta kaburi la Iskandari Mkuu. Mpaka tunaandika haya hajaonekana. Meli inang'oa nanga leo jua likizama. Kampuni inasema mwongozaji wa msafara huo atajieleza.' Basi. Watu wamecheka chini yake, kuna mmoja kaweka picha ya punda."

Kijiwe kikaangua kicheko mpaka vijiko vikalia kwenye glasi.

Kijiwe chenyewe ni mkahawa wa baba yangu, juu ya kilima cha Kom el-Dikka, mgongoni mwa huo huo ukumbi wa Warumi. Iskandaria nzima ni mji uliokaa juu ya mji mwingine, lakini sisi tumekaa juu yake kwa makusudi, tukatoa na viti nje. Tangu baba alale na mgongo wake, birika nalishika mimi. Nalishika na ulimi pia, maana wazee hawa ukiwaachia nafasi watakuuzia hata sufuria yako mwenyewe.

Injinia ni fundi bomba. Kwetu mtu akishika spana moja anaitwa Injinia, akishika mbili anaitwa Daktari. Kondakta alikata tiketi za tramu mpaka tramu ikamchoka, na hadi leo akitaka kupita kati ya meza anasema, "Sogea ndani, sogea ndani." Hawaja Sotiri, na hawaja kwetu ni bwana wa kigeni, ni Mgiriki, wa mwisho mtaani. Ndugu zake wote walipanda meli wakarudi kwao, yeye akasema amalize kwanza mchezo wa domino. Bado anaucheza. Wa nne ni Ami Metwalli, tunamwita Maini, kwa sababu anakaanga maini ya pilipili kwenye mkokoteni wake hapo chini ya ngazi, na harufu yake hutangulia kufika kabla ya salamu zake.

Siku hiyo Maini ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote.

"Sasa huyo ni mwongozaji au mchunga kuku?" alisema, akijipangusa macho na ncha ya kilemba. "Watu wanakupa wazee wa watu, unashuka nao kwenye basi, unahesabu vichwa, unapanda nao. Hata mbuzi wa sadaka hapotei namna hiyo!"

"Vijana wa siku hizi, Ami," alisema Injinia. "Wanaongoza msafara macho kwenye simu."

"Mimi ningekuwa bosi wake, saa hii hii namvua kitambulisho! Nje! Aende akauze kitunguu!"

"Usiseme hivyo, Maini," alisema Hawaja, akipanga domino zake. "Rawya wako si anafanya kazi hiyo hiyo?"

"Rawya?" Maini akavuta kiti mbele, kifua kikajaa. "Usimtie Rawya wangu kwenye mambo ya wahuni! Rawya kasoma mawe mpaka mawe yakamjua. Leo ndiyo siku yake ya mwisho ya majaribio. Kesho ni mwajiriwa kamili, Mungu akipenda. Mmoja kwa mmoja anawahesabu wageni wake, kama tasbihi."

"Mungu ampe," nikasema, nikamwekea chai yake ya nanaa.

Simu yake ikalia. Maini masikio yake yamejaa moshi wa mafuta ya miaka mingi, kwa hiyo simu zote hupokea kwa spika. Mtaa mzima unajua presha ya dada yake.

"Baba." Sauti ya Rawya ilikuwa inahema. "Baba, uko mkahawani?"

"Niko hapa, mama. Tunacheka tu. Kuna mjinga mmoja huko kwenu kapoteza Mmalta."

"Ni mimi, Baba."

Maini akatabasamu vile vile kwa muda, kama mtu ambaye taa imezimika nyumbani lakini feni bado inazunguka.

"Ni wewe nini?"

"Mjinga ni mimi. Msafara ni wangu. Tangu asubuhi namtafuta, nimewapeleka wengine ngomeni, nikawaacha na mwenzangu wakila samaki, nimerudi mjini peke yangu. Kampuni wamenipigia. Wamesema meli ikiondoka bila yeye, kitambulisho nikiache getini na kesho nisije. Baba, nisikilize. Anaitwa Bwana Salvu. Kofia ya buluu, masharubu meupe, alikuwa mwoka mikate huko kwao. Hakuna aliyemwona kilimani?"

Kondakta akasogeza mdomo kwenye simu.

"Binti yangu Rawya, huyu ni Ami yako Kondakta. Ilikuwaje akatoroka?"

"Kwenye basi aliniuliza kaburi la Iskandari liko wapi. Nikamwambia sijui."

Maji ya shisha yakaacha kugugumia.

"Umemwambiaje?" aliuliza Injinia.

"Sijui. Nilimwambia sijui, na hakuna mtu ajuaye. Wamechimba mji mzima, hawajaliona. Si ndiyo kweli?"

"Kweli!" Kondakta alishika kichwa. "Anasema kweli! Mtoto, mgeni kavuka bahari, kakuuliza swali moja, unamjibu sijui? Mgeni! Wa kwetu!"

"Ndiyo maana katoroka maskini," alisema Injinia. "Kavunjika moyo. Hata mimi ningetoroka."

"Ningemwambia nini, Ami?"

"Kitu! Chochote! Kata kushoto! Mtu wa Iskandaria anaulizwa njia, anasema sijui? Mama yako mzazi, Mungu amrehemu, aliwahi kukaa siku nzima akimwelekeza mtu mtaa usiokuwepo, na mtu yule akaondoka na dua na mkate!"

"Mkimwona mnipigie," alisema Rawya, na nilisikia amekaza meno. "Mimi naja huko huko. Nimemaliza kote."

Simu ikakata. Mimi nilimtazama Maini. Rangi ilikuwa imemtoka, na alikuwa anaangalia mikono yake kama imemwibia mtu.

"Kofia ya buluu," alisema.

"Ndiyo," nikasema.

"Masharubu meupe."

"Ami, unataka kusema nini?"

"Kala kwangu." Akameza mate. "Asubuhi. Kala mikate miwili ya maini, akasifu mkate, akasema chachu yake ni ya mtu mwaminifu. Mmalta kweli, lugha yake nusu yetu, nusu ya Waitaliano, nusu ya tatu anamalizia kwa mikono. Nikampenda. Akaniuliza kaburi la Iskandari, kama waulizavyo wageni wote; sikujua kama ndiye huyo."

"Ukamwambia?"

"Ningemwambia sijui? Mtu kaula mkate wangu! Nikamwambia ashuke mpaka msikiti wa Nabii Daniali. Kata kushoto, uliza mtunza viatu, kaburi liko chini ya sakafu."

Nilidhani watamlaumu. Lakini Injinia alikuwa ameanza kujikuna shingo kwa bidii ya ajabu.

"Kumbe ni wewe," alisema pole pole.

"Mimi nini?"

"Kumbe ni wewe uliyemtuma! Mimi nilikuwa pale Nabii Daniali nazibua mfereji wa chooni. Mzee kanijia na kofia yake, ananiambia kaletwa kutazama kaburi. Nikajisemea, ni mshenzi gani kamdanganya mzee wa watu?"

"Adabu, Injinia!"

"Adabu ya nini? Chini ya sakafu ile kuna mabomba yangu, hakuna mfalme! Nikamrekebisha. Nikamwambia lilikuwepo, likahamishwa. Sasa liko Shatby, makaburi ya Walatini, lile jengo la marumaru nyeupe. Panda tramu."

"Nani kalihamisha?" aliuliza Hawaja.

"Serikali."

"Serikali ipi?"

"Ile ya wakati ule! We Hawaja, unataka na sahihi ya waziri?"

Kondakta alikuwa ameinuka, fimbo mkononi, anatafuta njia ya kwenda chooni.

"Kondakta," nikamwita, "keti."

"Naenda kutawadha."

"Adhana bado. Keti. Ulikuwa kituo cha tramu asubuhi?"

"Nipo kituo cha tramu kila asubuhi. Nakwenda kuwatazama wanavyoharibu kazi." Alikaa, akakohoa. "Sikiliza. Mzee alikuwa anataka kupanda tramu ya Shatby. Nilimhurumia. Anakwenda kulia kaburini kwa farasi!"

"Farasi gani?" Injinia aliruka.

"Farasi wa Iskandari. Shatby kumezikwa farasi wake. Mwenyewe yuko Attarin, msikitini, ndani ya jiwe kubwa la kijani."

"Farasi wake alifia India, ewe mkata tiketi!"

"Alifia India, wakamleta kwa treni."

"Treni? Wakati wa Iskandari?"

"Ilikuwa ya makaa ya mawe."

"Na lile jiwe la kijani," alisema Hawaja, bila kuinua macho kutoka kwenye domino, "lilichukuliwa na Waingereza zamani. Ndani halikuwa na Iskandari wala ukucha wake. Ndiyo maana nilipomkuta mzee Attarin, kwa fundi wangu wa saa, nilimwonea aibu. Nikamwambia, rafiki, hawa ndugu zangu wana roho nzuri lakini hawajui ukoo wetu. Mimi ni Mgiriki, Iskandari ni wa nyumbani. Mgiriki hazikwi mbali na bahari. Nenda Anfushi. Chini ya soko la samaki."

"Chini ya samaki!" Kondakta alicheka kwa uchungu. "Mfalme wa dunia nzima kawekwa chini ya dagaa!"

"Sasa wewe una farasi wa treni, unanicheka mimi?"

"Wewe hata si wa ukoo wake! Babu yako aliuza zeituni!"

"Iskandari hakula zeituni?"

Maini akapiga meza. Glasi yangu moja ikaruka ikavunjika, na sikumdai.

"Mwanangu!" alisema. "Mwanangu anafukuzwa kazi jua likizama, nyinyi mnagombea maiti! Mmemrusha mzee wa watu kama mpira!"

"Na nani alianzisha mpira?" Injinia alimuuliza. "Nyani haoni kundule, Ami."

Maini alikaa, akaweka kichwa juu ya viganja. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akikaanga maini mara mbili, asubuhi na usiku, ili Rawya ajifunze Kiitaliano. Kila mtu pale alijua. Kondakta akamsogezea chai yake, na kwa Kondakta kusogeza chai ni kama mtu mwingine kuuza shamba.

"Nani tunamjua Anfushi?" nikauliza. "Pale sokoni."

"Rayisi Zaghlul," alisema Hawaja. "Muuza samaki, ndiye mkubwa wa soko. Nilimtuma kwake hasa."

Maini akampigia. Spika, kama kawaida. Kelele za soko zilimwagika mezani pamoja na mtu anayetukana pweza.

"Zaghlul, salamu alaikum. Mzee wa Malta, kofia ya buluu!"

"Alaikum salaam! Mungu akubariki kwa mgeni yule, Maini! Mtu wa watu! Kala samaki wa kuchoma na wali mwekundu, nikamfungia na kamba wa kupeleka nyumbani."

"Yuko hapo?"

"Hapana, kaondoka. Alitaka Iskandari. Nikamwambia hapa sokoni zamani tuliwahi kumsikia, lakini sisi watu wa maji tu. Nisingemwacha aende mikono mitupu. Nikampeleka kwa wajuzi."

"Wajuzi gani, Zaghlul?"

"Si nyinyi? Nikamwambia apande kilima cha Kom el-Dikka, kuna mkahawa, kaburi liko chini yake. Amuulize Kondakta. Nikamwambia Kondakta ndiye mwenye ufunguo."

Sote tukamgeukia Kondakta.

"Ufunguo gani?" alinong'ona.

"Ya Rabi," alisema Maini. "Anakuja hapa."

Akasimama, uso umepata damu. Kama anakuja hapa, kazi imepona. Mzee atafika, Rawya atafika, watapanda teksi, kwisha habari. Alianza kupanga viti upya kama tunangoja bibi harusi. Nje, jua lilikuwa limeshafika usawa wa minara, na kivuli cha ngazi kimefika mlangoni kwetu.

Na kweli, dakika chache tu, kofia ya buluu ikachomoza juu ya ngazi. Chini yake alikuwa mzee mnene mwenye mashavu mekundu, kabeba mifuko kila kidole. Ya Attarin ilikuwa na saa ya ukutani isiyokwenda. Ya Anfushi ilikuwa inadondosha maji ya kamba. Alikuwa na jasho kutoka utosini mpaka kwenye viatu, na alikuwa na furaha kama mtoto wa Idi.

"Salamu!" alisema. "Nani ni Kondakta? Naomba ufunguo."

Nawaapia, mimi nilisubiri. Nilisema moyoni, sasa. Sasa hivi mtu mzima huyu atafungua kinywa aseme, mgeni, ufunguo haupo, kaburi halipo, meli yako ipo. Kondakta alisimama kwa heshima zote. Akapapasa mfuko wa kushoto. Akapapasa wa kulia. Akapapasa hata kofia.

"Nimeuacha nyumbani," alisema.

"Kondakta!" nikapiga kelele.

"Nyumbani ni karibu?" aliuliza mgeni.

"Hapo tu. Lakini mke wangu kalala, na ufunguo uko chini ya mto wake."

"Keti kwanza, Bwana Salvu," alisema Injinia, kashamvutia kiti. "Mtu haingii kaburini na kiu. Binti, leta chai! Weka na sukari ya mgeni!"

"Bwana Salvu ana meli!" nikasema.

"Meli haimkimbizi mtu anayekunywa chai."

Mzee akaketi. Akaweka saa mezani, akaweka kamba chini ya meza, akavuta pumzi. Na hapo ndipo bandarini kukalia honi, ndefu, nzito, ikapanda kilima kizima na kutikisa maji kwenye glasi yake.

Bwana Salvu aliinua kichwa.

"Hiyo ni meli yangu?"

"Hapana!" walisema wote watatu kwa pamoja, kwa upole mkubwa, kama watu wanaomfunika mtoto shuka.

"Hiyo ni ya mizigo," alisema Injinia.

"Ya Waturuki," alisema Kondakta. "Kila jioni wanapiga hivyo, wanaita mpishi."

"Meli ya abiria haiondoki kabla ya chakula cha usiku," alisema Hawaja. "Nina binamu mle."

"Ah," alisema mgeni, na akachukua glasi.

Nilimtafuta Maini. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mgeni, mdomo unafunguka na kufungika. Mnajua alichokuwa anapigana nacho. Kumwambia mgeni, mbele ya watu, kwamba wewe na wenzako mmemwingiza chaka mchana kutwa, hiyo kwetu si kukiri tu. Hiyo ni kumvua nguo mtu aliyekula chumvi yako, kisha kujivua na wewe, kisha kuuvua mtaa. Mwanamume wa Kom el-Dikka anaweza kuvunjwa mkono asilie, lakini hajawahi kusikika akisema lile neno. Midomo yake ilikuwa inalitafuta kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ngeni.

Honi ikalia mara ya pili.

"Bwana Salvu," alisema Maini. Sauti ilimtoka nyembamba. "Kaburi la Iskandari..."

"Ndiyo?"

"Ami, acha," alinong'ona Kondakta. "Heri kujikwaa dole."

"Sijui," alisema Maini.

Injinia alifumba macho. Hawaja akaangusha domino.

"Sijui liko wapi," Maini akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka kama maji kwenye bomba la Injinia, kwa fujo. "Asubuhi pia sikujua. Nilisema tu. Na huyu hajui, na huyu hajui, na huyu mwenye ufunguo, ufunguo wake pekee ni wa sanduku la nguo. Zaghlul hajui. Hakuna ajuaye. Umekula, umetembea, umechoka, na sisi tumekudanganya siku nzima kwa sababu tulikupenda. Na hiyo inayolia ni meli yako. Nisamehe."

Mzee wa Malta akaweka glasi chini.

"Wewe ni wa pili leo," alisema.

"Wa pili?"

"Kuniambia hajui. Wa kwanza ni binti wa basi. Asubuhi nilimkasirikia. Nikasema, huyu kijana mvivu, nitatafuta wajuzi." Akatazama saa ya Attarin, akatazama kamba, akamtazama Kondakta. "Nimepata wajuzi wengi."

"Binti huyo ni mwanangu," alisema Maini.

Bwana Salvu akasimama.

"Huyo alisema meli inaondoka jua likizama."

"Basi inaondoka jua likizama," alisema Maini.

Na Rawya akatokea mlangoni, viatu mkononi, nywele zimemtoka kwenye mtandio, kitambulisho kinaning'inia mgongoni badala ya kifuani. Alimwona mzee. Hakulia, hakugomba. Alikuwa ameishiwa pumzi ya yote mawili.

"Bwana Salvu. Teksi iko chini ya ngazi. Tukienda sasa hivi, tunaweza kuwahi. Siwezi kukuhakikishia."

"Huwezi?"

"Siwezi. Msongamano upo. Sijui."

"Twende," alisema mzee, na akamfuata bila kuuliza kitu kingine, mifuko ikimpigapiga magotini.

"Mwambie dereva apite nyuma ya stesheni!" alipiga kelele Injinia.

"Asithubutu! Apite pwani!" alisema Kondakta. "Saa hizi pwani kweupe!"

"Pwani wamechimba! Apite Attarin!"

Maini alikuwa na njia yake pia, nilimwona. Ilimjaa mdomoni. Akachukua figili ya achari iliyokuwa mezani, akaitia yote kinywani, akatafuna huku machozi yanamtoka, mpaka sauti ya teksi ikapotea.

Halafu tukangoja. Kwenye kijiwe chetu kungoja ni jambo geni, maana kila mtu huwa anajua kitakachotokea. Hakuna aliyecheza domino. Jua likazama, kama lilivyoahidi. Honi ikalia mara ya tatu. Maini alikuwa anaitazama simu mezani kama kuku anayetazama yai.

Ikalia. Spika.

"Baba," alisema Rawya. Nyuma yake upepo wa bandari. "Walikuwa wanavuta ngazi. Kapanda na kamba wake. Kasimama juu pale, kawaambia wa kampuni kwamba mwongozaji wake ndiye mtu pekee wa kuaminika katika mji huu."

"Na kitambulisho?"

"Kiko kifuani, Baba."

Maini alichukua kilemba akajifunika uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sisi wengine tukaangalia dari, kwa adabu.

Wa kwanza kusema ni Kondakta, na mtu mwingine nisingemtarajia.

"Mmeona sasa," alisema, akisafisha koo. "Kama si sisi, mtoto angepoteza kazi."

"Nini?" nilisema.

"Tumia akili, binti. Mzee asubuhi aliidharau ile sijui ya Rawya. Kwa nini? Haikuwa na cha kulinganisha nayo! Sisi tukajitolea. Tukampa farasi, tukampa samaki, tukampa marumaru. Jioni sijui ya Rawya inang'aa kama dhahabu. Ukweli bila uongo wa kuuzunguka nani ataununua?"

"Kondakta kasema," aliitikia Injinia. "Mimi mwenyewe tangu mwanzo ndiyo nilikuwa nafikiria hivyo."

"Sisi Wagiriki tuna jina la jambo hilo," alisema Hawaja.

"Jina gani?"

Hawaja akafikiri. "Refu," alisema.

Maini alikwishatoa kilemba usoni. Macho mekundu, kifua mbele, mtu mpya. "Semeni mtakavyo," alisema. "Mimi leo nimeonja. Kumbe hakuui. Neno lenyewe fupi, unalisema, unabaki hai. Na nyinyi mtalisema, kuanzia leo, hapa kijiweni. Kwa heshima ya Rawya."

Wakanung'unika, lakini wakaapa. Hata Kondakta aliapa, mkono mmoja juu ya fimbo.

Wino wa kiapo haujakauka, pikipiki ikapanda mtaa, ikasimama mlangoni. Kijana wa duka la dawa, mfuko mgongoni, kofia ngumu kichwani.

"Salamu alaikum, wazee wangu. Nyumba ya Daktari Wagih wa meno iko wapi?"

Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyewahi kumsikia Daktari Wagih. Niliona kidole cha Injinia kinaanza kunyooka chenyewe kuelekea kushoto, Maini akakikamata akakilaza mezani.

"Sijui, mwanangu," alisema Maini, kwa fahari.

Kijana akamgeukia Injinia.

"Sijui," alisema Injinia, kama anang'olewa jino.

"Sijui," alisema Hawaja.

Kondakta alitokwa jasho. "Si... jui."

Kijana akawatazama mmoja mmoja. Akavua kofia ngumu, kama mtu aliyeingia kwenye msiba.

"Wote wanne?" alisema. "Tangu stesheni nauliza. Kila niliyemuuliza kanionyesha njia, kaniombea dua, mmoja kanipa hata embe. Nakuja kwa wazee wa Kom el-Dikka, mmeketi hapa na chai zenu, mnanifukuza kama mbwa? Nimewakosea nini?"

"Mwanangu, hatukufukuzi," alianza Maini, "ni kwamba hatu..."

"Semeni tu hamtaki kunisaidia! Baba yangu aliniambia watu wa kilima hiki wana utu. Utu umekwisha!" Akavaa kofia, akageuza pikipiki kwa hasira, akaanza kushuka.

Walikaa kama wamepigwa kofi na mtoto wa watu. Masikio ya Kondakta yalikuwa yamewaka mekundu. Aliangalia mlango, akamwangalia Maini, akaiangalia fimbo aliyoiapia.

"Kiapo gani hiki cha kumtia mtu aibu!" alisema, na mzee yule aliyekuwa akilalamika magoti kila asubuhi akatoka mbio. "We kijana! Rudi! Wagih namjua! Nimesoma naye!"

"Usimsikilize huyo!" Injinia naye alikwishatoka, viatu mkononi. "Wagih kahama! Nifuate mimi!"

Hawaja akachukua bakora yake, akawafuata, akipiga kelele kwamba Wagih ni mkwe wake.

Maini alibaki amekaa. Alijishikilia kiti kwa mikono miwili, mdomo kaukaza, mishipa imemsimama shingoni. Alistahimili kwa kadiri Mungu alivyomjalia.

"Binti," aliniambia mwisho, akiinuka, "niangalizie chai yangu. Hao wanampeleka siko."